Mafundi wenzangu, tuache kukata raba za ekzosi na kufunga waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Iringa aliyelalamikia kelele za magari madogo mjini kwao, hasa alfajiri watu wakiwa bado wamelala. Yeye anawalaumu vijana wanaotoa sailensa makusudi ili gari lingurume. Wapo wa hivyo, sibishi. Lakini mimi ni fundi wa magari hapa Makambako, kazi yangu kubwa iko chini ya gari, na magari mengi yanayoletwa kwangu yakinguruma hayakutolewa sailensa na mtu yeyote. Bomba limepasuka. Nikifuatilia limepasuka kwa nini, mara nyingi nakuta waya, ule ule wa kufungia nondo za zege, umezungushwa mahali palipotakiwa kuwa na raba.

Kwa ambaye hajawahi kuinama chini ya gari lake, nieleze kidogo. Ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi pamoja na sailensa yake, haikufungwa kwa bolti kwenye bodi. Mbele imeshikwa na injini, na kutoka hapo mpaka nyuma inaning'inia kwenye raba. Raba ya kawaida ina matundu mawili. Tundu moja limevishwa kwenye kipini cha chuma kilichochomelewa kwenye bodi, la pili limevishwa kwenye kipini kilichochomelewa kwenye bomba au sailensa. Ukiitazama unaona kitu kidogo cheusi ambacho mtoto anaweza kukichezea, ndiyo maana watu wanakidharau.

Kazi yake si ndogo. Injini inakaa juu ya mauntini, yaani raba zake za kuishikilia, na inacheza kila unapowasha, unapozima na unapoachia klachi, na bomba limeungwa nayo, kwa hiyo lazima lifuate. Tena chuma kikipata moto kinarefuka. Bomba la mita 2 likipanda joto kwa nyuzi 300 linaongezeka urefu kwa milimita 7 hivi, na gari lenye mzigo linalopanda mlima wa Kitonga lina moto wa kutosha kabisa. Hizo milimita zinahitaji mahali pa kwenda, na raba ndiyo inayozipa nafasi kwa kuvutika, kisha inalirudisha bomba mahali pake likipoa. Waya hauvutiki. Ukifunga waya, ule mchezo wote unaishia kwenye viungo: pale bomba lilipochomelewa kwenye flenji, ile sahani ya chuma ya kuungia, shingoni mwa sailensa, au kwenye kile kipande laini cha mbele kilichosukwa kwa nyuzi za chuma. Chuma kikikunjwa kidogo kidogo kila siku mwisho kinakatika. Ndipo kelele anazozisikia ndugu yetu wa Iringa zinapoanza.

Kelele, hata hivyo, si ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Mwezi Juni aliingia gerejini mwalimu mmoja akitokea Mbeya kwenda Njombe na familia yake, gari aina ya Noah. Alisimama kwa sababu ya mngurumo tu. Baada ya kusalimiana nikamwona mama akimshika mtoto mdogo aliyekuwa ametapika, na wawili wakubwa waliokaa kiti cha nyuma wanasema vichwa vinauma. Wao walidhani ni safari, kwamba watoto hawajazoea gari. Nikamwuliza mwalimu hali hiyo imeanzia wapi. Akasema kule Usangu walikuwa wamefungua vioo na watoto walikuwa wanaimba. Walipoanza kupanda kutoka Igawa upepo wa huku kwetu ukawapata, wakafunga vioo vyote, na hapo ndipo watoto walipoanza kulegea mmoja mmoja.

Nikawaomba wote washuke wakae nje upande upepo unakotokea, halafu nikaingia chini. Raba mbili za katikati hazikuwepo, pamefungwa waya mara tatu tatu na kukazwa kwa plaizi. Mbele kidogo ya waya wa kwanza, bomba lilikuwa limepasuka karibu nusu ya mzunguko wake, na juu ya ufa ule sakafu ya gari ilikuwa nyeusi kwa masizi. Kizibo kimoja cha sakafu, vile vya mpira vinavyozibia matundu ya kiwandani, kilikuwa kimetoka. Moshi ulikuwa na mlango wake wa kuingilia ndani.

Hapa naomba kila mwenye gari asome taratibu. Ndani ya moshi wa gari mna hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Ukiivuta inashika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka ikiwa imebeba sumu badala ya pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi, na mtu aliyesinzia ndani ya gari hawezi kujitetea. Gari lililotolewa masega, kile kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi, ndilo baya zaidi, kwa sababu masega ndiyo yanayoipunguza hewa hiyo kabla haijatoka nje. Mtoto yule alipelekwa hospitali siku ile ile na alipona, namshukuru Mungu. Lakini kati ya Makambako na Njombe kuna mwendo mwingine wa saa nzima wa baridi na vioo vilivyofungwa.

Mwalimu aliniambia gari lilishushwa gia boksi kwenye gereji moja huko alikotoka. Ili gia boksi ishuke lazima bomba la mbele lisogezwe, na ili lisogee lazima raba zitoke. Fundi akazikata, akamaliza kazi yake ya gia boksi vizuri tu, akarudisha bomba kwa waya na wala hakumwambia mwenye gari. Sitaji jina la gereji hiyo, kwa sababu jambo hili liko kila mahali, kuanzia Tunduma mpaka Ruaha Mbuyuni, na hata hapa mtaani kwangu.

Mafundi wenzangu watasema: raba hazitoki. Ni kweli kwamba zinasumbua. Kipini cha chuma kina kichwa kilichovimba mwishoni, kilitengenezwa hivyo ili raba isichomoke barabarani. Magari yetu mengi tunayapata yakiwa yametumika Japani, na yanayotoka sehemu zao za theluji yalipita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, yanafika tumboni kumeshakuwa na kutu. Hapa yanaongezewa matope ya Tukuyu na vumbi la Makete. Kutu inaota kati ya chuma na raba mpaka vinashikana kama kidonda na bandeji. Ukivuta hivyo hivyo unavuta vitu viwili kwa pamoja, kutu na kile kichwa, na ndiyo maana watu wanavuta mpaka mikono inachubuka halafu wanaomba kisu.

Siri yote ni kushughulikia kutu kwanza, na kichwa baadaye.

Ninavyofanya ni hivi. Gari likishapanda na kukaa juu ya stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kuingia chini yake, na ekzosi ikishapoa kabisa, naweka kipande cha mbao chini ya sailensa na kukiinua kidogo mpaka raba ziwe hazina uzito. Raba iliyobeba sailensa imejikaza, haiwezi kuteleza hata uipake nini. Halafu nachukua brashi ya waya nasugua ncha ya kipini, ile inayochungulia mbele ya raba, mpaka ing'ae. Wengi wanairuka hatua hii. Kutu iliyoko pale nchani ni msasa, na raba itapita juu yake yote ikitoka.

Kisha sabuni. Sabuni ya maji, nzito, kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Naimwaga pande zote mbili za tundu, mbele na nyuma, naiacha inywe wakati nashughulika na raba ya pili. Mwenye uwezo anunue silikoni ya kupuliza, inafanya kazi hiyo hiyo na haiachi utelezi mwingi mikononi.

Sasa inakuja sehemu ambayo vijana wangu huwa nawasimamia mwenyewe. Usivute. Izungushe raba kwanza. Ishike kwa plaizi kubwa ya bomba, ile yenye meno na inayopanuka, uisokote kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena. Mwanzoni haiendi popote. Unaongeza sabuni, unasokota tena, na ghafla unaisikia kwenye kiganja: inaachia. Sauti yake ni ndogo, kama kunata kunakokatika, na kuanzia hapo raba inazunguka kwenye chuma chake kwa mkono mtupu. Mpaka usikie hivyo usianze kuitoa. Ukishasikia, kazi ngumu imekwisha, kilichobaki ni kichwa tu.

Kichwa kinataka nguvu ya kubana. Ukivuta kwa mikono raba inarefuka na tundu lake linazidi kubana chuma, ndiyo maana mtu mwenye nguvu anaweza kushindwa. Taya moja ya plaizi ikae kwenye ncha ya kipini, taya ya pili ikae nyuma ya raba, halafu bana. Raba inasukumwa mbele wakati chuma kinasukumwa nyuma, na inapanda juu ya kichwa upande mmoja. Hamia upande wa pili, bana tena. Mimi nimechongesha kwa fundi chuma kipande cha bamba nene chenye mkato wa katikati, nakipachika nyuma ya raba kikipanda kipini huku na huku, taya inakikandamiza na raba inakwenda sawa pande zote. Ipo plaizi maalumu ya kazi hii inayotengenezwa viwandani, anayeipata aitumie, lakini asiyeipata hana sababu ya kushika kisu.

Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu raba inakuwa ngumu kweli kweli. Wa Dar es Salaam hawawezi kuelewa, ila wa Makete na Kitulo wananielewa. Dawa yake ni chupa ya chai. Funga kitambaa kwenye raba, mwagia maji ya moto, acha kidogo, mwagia tena. Inalainika na inapokea sabuni vizuri. Maji ya moto hayajawahi kulipua tanki la mafuta. Nasema hivyo kwa sababu nimeona kijana akipeleka moto wa gesi kwenye raba ya nyuma, na tanki liko pale karibu kabisa, mabomba ya mafuta na ya breki yanapita hapo hapo. Niliuzima moto ule, nikampeleka nje nikamweleza kwa ukali, na ningefanya hivyo tena. Moshi wa raba inayoungua nao ni wa kukimbia.

Oili chafu pia ni tatizo. Iko karibu kila gerejini, ni ya bure, inateleza, na kwa kutoa raba siku hiyo inasaidia. Raba nyingi za ekzosi zimetengenezwa kwa aina ya raba iitwayo EPDM, inayovumilia joto, jua na mvua, lakini haipatani na oili, dizeli wala mafuta ya taa. Ikilowa humo inavimba, inalegea na inapoteza nguvu, na ukiirudisha kwenye gari baada ya muda inaning'inia imerefuka na sailensa inagonga bodi kwenye kila tuta. Sabuni inakauka na kuacha raba jinsi ilivyokuwa. Nyundo nayo iwekwe mbali. Kipini kilichoshikwa na kutu ukikigonga, kinachokatika ni ule mchomeleo wake kwenye sailensa nyembamba, na ulikuja kutoa raba unaondoka na kazi ya kuchomelea.

Jambo jingine: raba ya mwisho ikitoka, pawe na mtu au jeki imeshika bomba. Nimepokea magari ambayo raba zilitolewa vizuri, lakini ekzosi ikaachwa ininginie kwa kile kipande laini cha mbele, au kwa waya wa sensa ya oksijeni. Kipande kile kikivunjika ndani hakionekani mara moja, na bei yake inauma.

Je, raba haikatwi kabisa? Inakatwa. Kama imepasuka, imekauka na kuwa na nyufa, au imerefuka mpaka tundu limekuwa kama yai, haina thamani ya kuhangaikiwa. Ikate kwa msumeno au kisu kikali, kwa kukata kuelekea mbali na mkono wako na mbali na mabomba ya breki, na uangalie maana nyingine zina pete ya chuma au nyuzi ndani. Lakini ikatwe wakati mpya iko mkononi. Mteja aliyekuja bila raba mpya, na duka limefungwa, anaondoka na ile ya zamani ikiwa nzima. Huo ndio utaratibu wa gereji yangu na sijauvunja kwa ajili ya haraka ya mtu.

Najua jibu la haraka: raba ya gari fulani haipatikani Makambako. Mara nyingi inapatikana inayofanana. Kinachohitajika ni ukubwa wa tundu, umbali kati ya tundu na tundu, na ugumu wake, si lazima jina la gari. Chukua ya zamani uende nayo dukani uipimanishe. Bei yake haifikii gharama ya kuchomelea bomba mara moja. Pasipopatikana kabisa, kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa vizuri kama wanavyokata washona kandambili, kikafungwa kwa bolti na washa pana, kitaishika sailensa ya nyuma siku chache mpaka raba iagizwe Mbeya au Iringa. Nyuma tu, ambako bomba limepungua moto, na mwenye gari aambiwe. Hicho sigombani nacho, kwa sababu kinavutika. Waya sitaukubali hata kwa kutoka gerejini mpaka stendi.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, Mbeya na Iringa na popote: vijana wanakuja kwetu wanajua kufungua injini na kuisoma mashine ya kupimia hitilafu, hilo nawapongeza. Wafundisheni na hili. Mchana mmoja chini ya gari kuukuu lenye kutu, na sabuni na plaizi, unatosha.

Kwa matrafiki: mnapokagua matairi, taa na vioo, ombeni pia gari liwashwe msikilize. Dereva wa gari la abiria au la wanafunzi akiwa na ekzosi iliyopasuka, msimwache aende kwa sababu ya vioo tu kuwa vizima.

Na kwa wenye magari, ninyi ndio mnaolipa. Gari likienda gerejini kwa kazi yoyote ya chini, gia boksi, tanki, pampu ya mafuta, inama kabla hujaacha ufunguo uhesabu raba za ekzosi. Piga picha kwa simu. Siku ya kuchukua gari inama tena. Ukikuta waya, usikubali maneno ya "hiyo ni ya muda tu". Mwambie fundi kwa heshima akuwekee raba, na kama ya kwako aliikata, ni juu yake kuinunua. Ukiwa na watoto na gari linanguruma kuliko kawaida, fungua vioo hata kama ni Makete na ni Julai, wavalishe makoti, na usimame kwenye gereji ya kwanza utakayoiona.

Mwalimu wetu aliondoka kesho yake na raba mpya mbili, ufa umechomelewa, kizibo cha sakafu kimerudishwa. Zile nyaya nilimpa azipeleke kwa aliyezifunga.

Wako katika kazi,
Fundi wa magari,
Makambako, Njombe.